Mlango Ulifungiwa Tapeli, Jirani Akaachwa Nje

Kuna kitu kinaitwa DMARC. Jina lenyewe linachosha, najua, lakini kama uko kwenye kikundi chochote kinachojadiliana kwa imeili, hiki kitu kinakuhusu. Hoja yangu ni moja tu: kuzuia matapeli ni sawa kabisa, lakini mzigo wake haukufaa kubebeshwa vikundi vidogo ambavyo hata havikuulizwa.

Imeili iliundwa bila kufuli. Mtu yeyote anaweza kuandika jina la benki yako pale pa "Kutoka kwa", vile tu unaweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Kuziba hilo pengo, wataalamu walileta SPF, ambayo ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma barua za domeni fulani, na DKIM, sahihi ya kidijitali inayoonyesha barua haijaguswa njiani. DMARC ikakaa juu ya hizo mbili. Inataka angalau moja ipite, na ilingane na domeni ya mtumaji anayeonekana. Zote zikifeli, mwenye domeni ndiye anasema barua ifanywe nini: ipite tu, itupwe kwa spamu, ama ikataliwe mlangoni.

Hadi hapo, safi. Nani anataka tapeli atumie jina la benki yake?

Sasa njoo kwa orodha za barua, yaani ile anwani moja ambayo ukiiandikia, wanachama wote wanapata. Hapa Kenya, watu wa KICTANet wamejadili sera za teknolojia kwa njia hiyo miaka mingi. Orodha ikipokea barua yako, mara nyingi inaongeza jina la kikundi kwenye kichwa, inaweka mstari wa kujitoa pale chini, kisha seva yake inaituma kwa wote. Barua imeguswa, kwa hivyo sahihi imevunjika. Seva iliyotuma si ya domeni yako, kwa hivyo SPF nayo haikuokoi. Ni kama katibu wa chama aongeze "mkutano ni Jumamosi" chini ya barua ya chifu, halafu aambiwe muhuri ni feki.

Aprili 2014, Yahoo ilikuwa imechoshwa na matapeli waliotuma barua kwa majina ya wateja wake, ikaweka sera ya kukataa. AOL ikafuata mwezi huo huo. Mtu wa Yahoo akiandikia kikundi chake, Gmail na wengine wanaofuata DMARC walikataa nakala zilizotoka kwa orodha. Programu ya orodha, ikiona barua zinarudi, ikadhani anwani za hao wapokeaji ndizo mbovu. Zikirudi mara kadhaa, ikawasimamisha. Yaani aliyeandika hana makosa, aliyetolewa hana makosa, na tapeli hayuko hata karibu.

Nani alirekebisha? Si kampuni kubwa pekee. Wasimamizi wa orodha, wengi wao watu wa kujitolea tu, walilazimika kubadilisha jina la mtumaji, lisomeke "Fulani kupitia kikundi" na anwani iwe ya orodha. Barua zinafika, lakini anwani ya aliyeandika imepotea pale mbele, na jibu la siri linaweza kuishia kwa watu wote. Cheki hiyo kejeli: sera iliyowekwa kulinda jina la mtumaji imefanya jina la mtumaji lifutwe. Mwaka 2019 ukachapishwa rasmi mpango wa ARC, unaoruhusu orodha kushuhudia kwamba barua ilikuwa halali ilipoingia. Wazo zuri, lakini linafanya kazi pale tu mpokeaji anaiamini hiyo orodha. Kikundi kidogo kisichojulikana kitaaminiwa na nani?

Kuna wenye watasema, si mhamie WhatsApp? Hapana. Mjadala wa imeili unaweza kuwekwa wazi mtu asome miaka kumi baadaye, na hauhitaji kila mtu awe mteja wa kampuni moja. Hicho ndicho tunapoteza polepole.

Kwa hivyo, kama wewe ndiye unashika domeni ya ofisi au chuo, usikimbilie sera ya kukataa juu ya anwani ambazo watu wanaandikia vikundi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai DMARC kwa wanaotuma barua kwa wingi, lakini hata ile sera ya chini, ya kuacha barua ipite, inakubalika. Anza hapo, usome ripoti. Sera kali iweke kwa domeni ndogo ya risiti na bili, manake huko ndiko matapeli wanapenda kujifanya wewe. Na kabla hujaongeza ukali, uliza wafanyakazi wako wanaandikia vikundi gani. Hilo swali ni la dakika tano, na ndilo vikundi havikuulizwa 2014.