Neno la Mhariri: Maoni ya Mwaka wa Tatu

Mnunuzi wa friji la mtumba Dar es Salaam haanzi na bei, anaanza na mlango. Anaufungua, anatoa noti ya elfu mbili mfukoni, anailaza kwenye ukingo wa mpira, anafunga, kisha anaivuta noti taratibu. Ikiteleza ikatoka bila ubishi, mpira umechoka. Baridi itavuja usiku kucha na umeme wa luku utaliwa bure. Noti ikigoma, anaomba friji liwashwe. Anazunguka nyuma, anainama, anasikiliza kompresa: imeshika kwa mlio mmoja wa chini, au inakohoa kabla ya kushika? Anauliza gesi ilijazwa lini mara ya mwisho, na nani aliijaza. Muuzaji, ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa akisifia rangi, huwa ameshanyamaza.

Jioni mtu huyohuyo anakaa kijiweni na kuhukumu filamu ya saa mbili kwa maneno mawili: muvi bovu. Pengine ameiangalia dakika kumi. Pengine ameona kipande tu kilichorushwa kwenye simu, na maoni ya watu chini yake. Hakuna noti aliyoiweka mlangoni.

Toleo hili limezaliwa katika pengo hilo. Walioandika kurasa zinazofuata walipewa sharti moja: kila mmoja achague kitu alichoishi nacho kwa miaka isiyopungua mitatu. Kiwe simu, pasi, filamu, programu ya kutuma pesa, hata kundi la WhatsApp la ukoo. Vipya vyote vilikataliwa mlangoni. Jarida linashikilia kwamba maoni ya watu wa kawaida kuhusu vitu vyao ndiyo uhakiki wenye uzito kuliko wote tulio nao, na kwamba huupata uzito huo pale tu kitu kinapokuwa kimeshachakaa mkononi mwa anayekisema.

Nokia 1100 ni ushahidi wa kwanza. Ilitoka mwaka 2003, wakati kampuni zikishindania kamera na skrini za rangi. Yenyewe haikuwa na kamera wala rangi. Ilikuwa na vitufe vilivyofunikwa mpira ili vumbi lisipenye, na tochi ndogo kichwani. Kwa vipimo vya siku ya uzinduzi, ilikuwa simu ya watu wa chini. Ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na haijatokea simu nyingine iliyoipita. Afrika Mashariki iliipa simu hiyo na ndugu zake hukumu iliyomo ndani ya jina: Tanzania wakaiita kitochi, Kenya wakaiita mulika mwizi. Hakuna aliyekaa kikao cha kuamua majina hayo. Yalitoka kwa watu waliorudi nyumbani gizani, waliotafuta shimo la funguo umeme ukiwa umekatika, wakaona kwamba katika kifaa kizima tochi ndiyo waliyoigusa kila usiku. Jina lilikuwa maoni, na lilikuwa sahihi kuliko tangazo la biashara.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa M-Pesa. Majaribio yake ya mwaka 2005 yalilenga jambo jembamba: wateja wa taasisi ya mikopo midogo nchini Kenya warejeshe mikopo yao kwa simu. Wateja walirejesha mikopo, lakini wakaanza pia kutumiana pesa wao kwa wao, kwa mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Mazoea yalikuwa yameshaanza mtaani, ambako watu walikuwa wakirushiana vocha za muda wa maongezi kama pesa. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilizinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Watumiaji walikuwa wametoa maoni bila kujaza fomu yoyote, na mara hii wenye mali walisikiliza.

Jiko bora la mkaa lilipita njia hiyohiyo mapema zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilipoanza kutengenezwa Kenya kwa bati nje na udongo wa kuchoma ndani, majiko ya awali yalipelekwa kwa wapishi, malalamiko yakarudi, mafundi wa jua kali wakarekebisha. Umbo lililobaki, lenye kiuno chembamba katikati, linajulikana leo katika kila soko la mkaa, na hupunguza matumizi ya mkaa kwa takribani asilimia 30 hadi 50. Anayesonga ugali hutingisha jiko; jambo hilo halionekani kwenye mchoro wa mhandisi, linaonekana jikoni.

Filamu zinaonekana kuikwepa kanuni hii, kwa kuwa haziwekwi sebuleni zikapata kutu. Sholay inasema vingine. Ilipotoka India Agosti 1975, wahakiki wengi waliiponda na wiki za kwanza zilikuwa baridi, hata ikasemekana imeanguka. Watazamaji wakarudi mara ya pili, wakaleta ndugu zao, wakaanza kuyasema barabarani maneno ya jambazi wake, Gabbar Singh, na ukumbi wa Minerva mjini Bombay ukaionyesha kwa zaidi ya miaka mitano. Pwani ya Afrika Mashariki, ambako picha za Kihindi zilikuwa na wapenzi wao tangu enzi za Awara ya Raj Kapoor, haikuhitaji kufundishwa maana ya kurudia filamu.

Bara hili lilikuwa pia na wahakiki wake, waliofanya kazi wakiwa wamesimama. Katika mabanda ya video, au vibanda umiza kama yanavyoitwa Tanzania, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizitafsiri filamu za kigeni huku akizisimulia, akizitania na kuzihukumu. Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Jingo. Wanaowabeza husema wanaharibu kazi ya watu. Wanasahau kwamba mtafsiri wa kibandani alikuwa ameiona picha mara nyingi kuliko mhakiki yeyote wa gazeti, na alikuwa mbele ya hadhira iliyolipa, iliyojua nani ni steringi na nani ni adui kabla hajafungua mdomo. Akichosha, benchi linabaki tupu.

Kwenye mitandao ya kijamii ndipo mzani unapoharibika. Facebook iliweka kitufe cha kupenda mwaka 2009, na tangu hapo maoni yakawa kitu cha kuhesabiwa. Kinachohesabiwa ni cha dakika ile ile. Mtu aliyetumia feni kwa siku moja ana kidole kimoja, na aliyeitumia kwa misimu minne ya joto ana kidole kimoja. WhatsApp yenyewe ilikiri kwamba kasi ni tatizo: mwaka 2019 ilizuia ujumbe kusambazwa kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na Aprili 2020 ikabana zaidi, ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukawa unatumwa sehemu moja tu kila safari. Ilichokifanya ni kuongeza ugumu kidogo mlangoni, kama ule wa noti.

Msomaji mkali atauliza: je, kila jambo lisubiri miaka mitatu? Hapana. Usiku wa kuamkia Juni 17, 2016, Tanzania ilizima simu bandia, kama Kenya ilivyofanya mwishoni mwa Septemba 2012. Kabla ya hapo watu walibonyeza *#06# na kulinganisha namba za IMEI, na wengi wakagundua kwamba simu waliyoisifia kwa majirani ilikuwa feki tangu boksini. Waya unaoungua na mtungi wa gesi unaovuja havingoji maoni yaive. Kuna kosa la upande wa pili pia: maoni ya zamani hugeuka ukaidi. Wapo wanaoapa kwamba wali wa gesi hauna ladha, na hawajawahi kuula. Wapo waliobaki na tivii ya chogo wakiamini kwamba nyembamba zote ni za kuharibika, ingawa walipata habari hiyo kwa shemeji. Muda peke yake haumfanyi mtu awe shahidi. Lazima mkono uwe umegusa.

Kwa sababu hiyo toleo limewapa nafasi kubwa watu ambao kurasa za teknolojia huwaruka. Simu mpya ya Kariakoo hukaa mjini mwaka mmoja au miwili, kisha huenda kwa mdogo wa mwenyewe, halafu hupanda basi kwenda kijijini ikiwa na ufa kwenye kioo na kifuniko kilichofungwa kwa mpira wa kubania pesa. Bibi anayeipokea ni mmiliki wa tatu au wa nne. Anajua betri inakaa saa ngapi, sauti inasikika wapi uani, kitufe kipi kinataka kubanwa kwa kucha. Mafundi simu wa Mtaa wa Aggrey, hukohuko Kariakoo, wanajua mengi kama yeye, wakiyasoma kutoka upande wa ndani. Hakuna kampuni inayomtumia bibi huyo simu ya majaribio.

Yule mnunuzi wa friji, kwa taarifa ya wasomaji, hakununua. Noti iliteleza. Aliikunja, akairudisha mfukoni, akamshukuru muuzaji kwa muda wake, akavuka barabara kuelekea duka la pili.