Vita vya Panzi Katika Mrengo wa Kushoto

Kila mjadala wa ujamaa ukipamba moto, huibuka swali hili: kwa nini Wamaksi na Waanakisti, ambao wote wanataka kuung'oa ubepari na kuifikia jamii isiyo na matabaka, wamehasimiana kwa karne moja na nusu? Wapo wanaojibu kwamba Karl Marx na Mikhail Bakunin hawakupikika chungu kimoja. Jibu hilo halinitoshelezi, kwani waasisi walikwishakufa na ugomvi ungali hai.

Kiini chake ni dola. Marx aliamini kwamba wafanyakazi hawana budi kuyatwaa mamlaka na kuyatumia dhidi ya mabepari hadi matabaka yatoweke. Bakunin alionya kwamba dola hiyo itazaa mabwana wapya, hata kama jana mabwana hao walikuwa vibarua. Mwaka 1871 wote wawili waliisifu Komuni ya Paris. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa The Hague, Bakunin alifukuzwa katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi, iliyoasisiwa London mwaka 1864. Baraza Kuu likahamishiwa New York, na kufikia mwaka 1876 likavunjwa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Hispania inatufundisha zaidi. Machi 1934, katika jimbo la Asturias, Waanakisti wa shirikisho la CNT walitiliana saini mkataba na wajamaa wa UGT. Oktoba, wachimbaji wa makaa ya mawe walipoasi, walipigana bega kwa bega. Jeshi liliwashinda baada ya takriban wiki mbili, lakini walishindwa wakiwa pamoja.

Barcelona mambo yalikuwa kinyume. Tarehe 3 Mei 1937, vita dhidi ya Franco vikiendelea, polisi wa serikali ya Catalonia walilivamia jengo la simu lililokuwa likiendeshwa na wafanyakazi. Wakomunisti waliiunga mkono serikali. POUM, chama cha Wamaksi wasiomtii Stalin, kilisimama na Waanakisti. Mwezi uliofuata kiongozi wake, Andreu Nin, alikamatwa, kisha akauawa. Januari 1939 Franco aliutwaa mji huo.

Tazama basi mstari ulipopita: Wamaksi walikuwa pande zote mbili za vizuizi vya barabarani. Kilichowatenganisha ni nani alikuwa na polisi mkononi, na alikuwa tayari kuwatumia dhidi ya nani.

Waanakisti nao hawana haki ya kujigamba. Novemba 1936, wanne kati yao waliingia katika serikali ya Largo Caballero kama mawaziri. Siwalaumu. Adui mwenye jeshi, ndege na washirika wa kigeni hazuiwi na kamati za mitaa peke yake. Ndiyo maana mimi naelemea upande wa Marx: wanyonge wasio na mamlaka yaliyopangika hupondwa.

Hata hivyo, swali la Bakunin linatuhusu sisi pia. Septemba 1969 TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho vijiji vyake, Litowa kikiwa cha kwanza, viliendesha ujamaa kwa maamuzi ya wanavijiji wenyewe. Wakulima wale hawakuhitaji kumsoma Bakunin ili watambue kwamba chama kinachohubiri kujitegemea kinaweza kuwaogopa wanaojitegemea. Katika miaka ya sabini serikali iliwahamishia watu vijijini, mara nyingine kwa nguvu, na ujamaa ukapoteza watetezi wake wa kweli: wale waliouchagua kwa hiari.

Kwa hiyo siwaombi Wamaksi na Waanakisti wapatane kinadharia, hawatapatana. Nadai ushirikiano wenye masharti. Wakubaliane juu ya jambo mahususi, iwe mgomo, ardhi au mishahara, kama walivyofanya Asturias. Kila upande ubaki na jumuiya yake, gazeti lake na haki ya kukosoa hadharani. Na anayeshika mamlaka asipewe kamwe uwezo wa kumvunja mwenzake kwa amri. Anayelikataa sharti hilo la mwisho ametangaza mapema atakachokifanya siku atakapoingia ikulu, na wavujajasho wana haki ya kumwamini.