Asiyesikia Si Mwenye Kiburi

Wahenga walinena kwamba sikio halilali na njaa. Langu mimi lilianza kulala na njaa miaka kadha iliyopita, nami sikujua. Waliotambua kuwa nimebadilika ni jirani zangu wa Mji wa Kale, Mombasa, na hawakudhani ni masikio. Walisema nimeingiwa na kiburi.

Sababu ilikuwa ni salamu. Msomaji wetu hahitaji kukumbushwa kuwa kutoa salamu ni sunna na kuijibu ni wajibu. Basi mimi nikipita barazani, watu wakinisalimu, nami nikenda zangu kama niliyepita mbele ya ukuta. Sahibu yangu mmoja, tuliyesoma naye chuo kimoja tangu utotoni, alinisalimu siku tatu mbalimbali. Ya nne akanyamaza. Tukakaa karibu mwaka mzima hatusemezani, yeye akidhani nimemdharau, nami nikidhani yeye ndiye aliyenisusa. Waama, ugomvi wa namna hiyo ni mgumu kuusuluhisha, kwa kuwa hakuna neno lililosemwa.

Aliyenizindua ni mjukuu wangu. Aliniomba ruhusa ya kwenda kusoma, nami nikamkemea, aende kuchoma nini? Nyumba nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Juma lile lile nikenda kupimwa.

Mtaalamu alinieleza kwamba sikio linapochakaa kwa umri, aghalabu sauti nyembamba za juu ndizo zinazotangulia kupotea. Irabu hubaki, kwa kuwa zina nguvu. Herufi nyepesi kama s, f, sh na th hutoweka. Ndiyo maana mzee akasema, "Nakusikia, ila sifahamu usemalo." Hapo nikakumbuka chuoni, maalimu alivyotufunza herufi kumi za hamsi, yaani za mnong'ono: sini, shini, thaa, faa na wenzao. Zilizonikimbia mimi nyingi ndizo hizo. Nikamkumbuka pia mtoto mmoja tuliyesoma naye, aliyechapwa kila siku kwa kuwa hakuweza kupambanua sini na thaa. Sisi tukimwita zuzu. Leo najiuliza kama alikuwa zuzu kweli, au haisikii ile herufi aliyoambiwa airudie.

Sasa ni miezi minane tangu nivae vifaa vya kusikia, viwili, kila kimoja kadiri ya kokwa ya tende, nyuma ya sikio. Vinaungana na simu kwa Bluetooth, yaani mawimbi ya redio ya masafa mafupi, pasi na waya. Siku za mwanzo zilikuwa ni adhabu. Gazeti likikunjuliwa, nasikia mabati. Ndara za mke wangu sakafuni zikawa kwata ya askari. Sauti yangu mwenyewe ikawa kama ya mtu anayesemea mtungini. Akili iliyozoea kimya huhitaji majuma kadha kujifunza tena lipi la kusikiliza na lipi la kuacha lipite.

Na vituko havikwisha. Simu hulia masikioni mwangu, na mwingine hasikii. Siku moja nilijibu njiani nikiwa mikono mitupu, na mama aliyekuwa akija mbele yangu akamvuta mwanawe kando, akidhani nimepandwa na pepo. Ijumaa moja khatibu yu juu ya mimbari, mara sauti ikaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba betri inakwisha. Haijamaliza, mpwa wangu aliyeko Maskati akapiga. Simu ililia ndani ya kichwa changu, na jamaa waliokaa ubavuni mwangu hawakuwa na habari. Tangu siku hiyo, kabla sijavua viatu mlangoni mwa msikiti, huzima Bluetooth ya simu. Vifaa vyenyewe huendelea kufanya kazi, na khutba naisikia.

Nyumbani, nikiiacha simu sebuleni, wajukuu hufungua katuni na ngoma zake zikanirindimia mimi niliyeko jikoni. Nikijitenga nyuma ya ukuta wa mawe wa nyumba zetu hizi, mawimbi hukatika nikapata amani. Wakati wa kutawadha huvivua na kuvitia katika kijisanduku chake, kwani maji ni adui yavyo, na jasho la Pwani ni adui wa pili. Usiku huvikausha na kuvitia chaji. Stima ikipotea usiku kucha, kesho yake nimerudi uziwini. Na siku ya Idi, kila aliyenikumbatia alisikia mluzi, maana sauti itokayo kwenye kifaa ikizibwa hurejea ikaingia tena humo humo.

Hizo ni kero ndogo. Kubwa ni aibu. Mtu akivaa miwani huambiwa ni msomi; akivaa kifaa cha sikio huonewa huruma. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema kuwa zaidi ya watu milioni 430 ulimwenguni wanahitaji msaada wa kusikia, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watazidi milioni 700. Haya basi si maradhi ya mtu mmoja wa kufichwa chumbani.

Ni kweli vifaa ni ghali, na wengi hawavimudu. Lakini kupimwa ndiko kwanza. Huenda ikawa ni nta tu iliyoziba, ikaondolewa na mambo yakesha. Na tusikimbilie vile vya rahisi viuzwavyo ovyo, ambavyo hukuza kila sauti, kelele na maneno pamoja. Jamaa wanaochangiana harusi na matanga hawashindwi kumchangia mzee asikie wajukuu wake. Na maalimu wa chuo, kabla hajauinua mkwaju, na amwulize mtoto asemesheke kwa karibu: je, umesikia?

Mimi nilikwenda barazani kwa sahibu yangu, nikatangulia kutoa salamu, nikamwonyesha sikio. Alinyamaza kitambo. Kisha akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na vyauma?" Nikajua hakuniuliza kwa ajili yangu. Juma la pili tulikwenda pamoja kumpima.

Basi, ndugu msomaji, ukimsalimu mtu asikujibu, usimhukumu. Msogelee, simama mbele ya uso wake, umsalimu tena.