NAMBA ILIYORUKA NI SWALI, SI HUKUMU

Ndugu wanakijiji na Ndugu wanachama wa ushirika,

Tangu wiki iliyopita hakuna kijiwe hapa kijijini kisichozungumza habari ya namba za stakabadhi. Habari yenyewe ni hii. Stakabadhi za korosho zinazotoka kwenye kompyuta pale ghalani zilifika namba 214, halafu ikaja 216. Namba 215 haipo. Siku mbili baadaye zikafika 243, na kesho yake asubuhi stakabadhi ya kwanza ikatoka na namba 261. Kuanzia 244 mpaka 260 hazipo. Jumla yake ni namba 18.

Sasa watu wanauliza: korosho za namba 18 zimekwenda wapi? Wengine hata hawaulizi tena, wamekwisha hukumu. Wanasema karani kala. Tena wapo wanaotamka hadharani kwamba ni heri kuuza kwa kangomba kuliko kupeleka ghalani. Ndugu zangu, mlanguzi wa kangomba anapoyasikia maneno hayo anafurahi sana. Yeye hana stakabadhi hata moja, na kipimo chake ni kopo, lakini leo anasifiwa!

Chama hakishiki funguo za ghala wala hakipimi korosho. Hata hivyo Chama hakiwezi kukaa kimya wakati wakulima wanagawanyika na binti wa watu anatukanwa njiani. Ndiyo maana naandika.

Kwanza niseme wazi: wanaouliza wana haki. Sisi tuliojifunza hesabu katika kisomo cha watu wazima tulifundishwa kwamba baada ya 7 ni 8, wala hakuna njia nyingine. Na katika vile vitabu vya stakabadhi vya karatasi ya kaboni, namba zilikuwa zimechapwa tangu kiwandani. Ukikuta 244 haipo, basi kuna mtu aliyeichana. Karani akiharibu stakabadhi alitakiwa kuipiga mistari miwili, kuandika BATILI, na kuiacha kitabuni pamoja na nakala yake. Karatasi ilibaki kuwa shahidi. Kwa hiyo shaka yetu imetokana na utaratibu mzuri tuliouzoea.

Lakini kompyuta haina kitabu kilichochapwa namba. Namba inazaliwa pale inapoombwa. Kamati ilimwita fundi wa programu akaeleza, nami naandika kama nilivyomwelewa.

Fikirini zahanati siku ya kliniki. Mhudumu anagawa vikadi vya namba mlangoni. Mama mmoja anachukua cha 9, anasubiri, anachoka, anarudi nyumbani. Je, mhudumu atamnyang'anya wa 10 kadi yake ampe 9, na wa 11 ampe 10? Hawezi, maana wale wameshashika kadi zao na wengine wameshaingia kwa daktari. Namba 9 imekufa, na foleni inaendelea.

Daftari la ndani ya kompyuta, ambalo wataalamu wanaliita kanzidata, linafanya vivyo hivyo. Karani akianza kuandika mzigo, mashine inamtolea namba hapo hapo. Karani akikosea, kwa mfano akaandika namba ya uanachama ambayo haipo, mashine inakataa kuuhifadhi mzigo ule. Namba iliyokwisha tolewa hairudi. Akiandika upya kwa usahihi anapewa inayofuata. Kwa nini isirudi? Kwa sababu kanzidata imetengenezwa ihudumie watu wengi kwa wakati mmoja. Kama kila namba ingengoja kwanza ijulikane kuwa kazi imekamilika, meza ya pili ingesimama ikisubiri meza ya kwanza. Wataalamu wakachagua mwendo wa haraka, mapengo yakaja humo humo. Hiyo yaweza kuwa habari ya 215.

Sasa je, hizi 17 za mfululizo? Rudini kwa yule mhudumu. Ili asiende kabatini kila mara, anachota vikadi 20 kwa mpigo anatia mfukoni. Kabatini anaandika kwamba vimetoka mpaka cha 260. Akiwa amegawa vitatu tu, 241, 242 na 243, anaanguka na vikadi vya mfukoni vinapotea. Kesho yake anayeshika zamu anatazama kabatini, anaona imeandikwa 260, naye anaanza na 261. Na mnakumbuka jioni ile umeme ulikatika ghafla, kompyuta ikazimika kazi ikiwa haijafungwa.

Hili si jambo la kijiji chetu peke yake. Programu kubwa zinazotumika duniani zina tabia hiyo. Oracle kwa kawaida huchota namba 20 kwa mpigo. SQL Server, tangu toleo la mwaka 2012, ikizimika ghafla yaweza kuruka namba zipatazo 1,000. Waliozitengeneza wameandika katika maelezo yao kwamba namba hizi zaweza kuwa na mapengo. Hawakuahidi kwamba zitafuatana bila pengo.

Hapo baadhi yenu mtasema: basi Katibu anamtetea karani. La hasha. Maana kuna sababu nyingine ya pengo ambayo sijaitaja, nayo ni mtu kufuta rekodi. Mzigo umepimwa, umeandikwa, halafu mkono wa mtu ukaufuta. Pengo la kufuta na pengo la umeme, ukiyatazama katika orodha, yanafanana kabisa. Kwa hiyo anayesema "pengo ni wizi" anakosea, na anayesema "pengo si kitu, ni mambo ya kompyuta" naye anakosea.

Tena nawaambia jambo zito zaidi. Hata namba zinazofuatana vizuri si ushahidi wa uaminifu. Ipo programu nyingine maarufu, MySQL. Kabla ya toleo lake la 8.0 la mwaka 2018, mtu aliweza kufuta rekodi ya mwisho, akaizima mashine na kuiwasha, na namba ile ile ikapewa rekodi nyingine. Orodha ikaonekana safi, haina pengo, kumbe ndani mna kilichoondolewa! Kama sisi tunalinda mali yetu kwa kuhesabu namba tu, basi mwizi mwenye akili tutampongeza, na mtu mwaminifu aliyekatikiwa umeme tutamfunga.

Kinacholinda mali ya mkulima ni kilo. Na kilo zetu zimeandikwa mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye daftari la mkono la mpima mizani, na kwenye karatasi aliyopewa mkulima. Mtu mmoja aweza kufuta pamoja. Kufuta mahali patatu, na pengine hata nyumbani kwako chini ya godoro, hawezi.

Kwa hiyo natoa shauri, nalo laweza kufanyika katika mkutano wa Jumamosi mbele ya wote.

1. Kila mwanachama aje na karatasi zake za msimu huu. Iulizwe kwa sauti: nani ana stakabadhi namba 215, au yoyote kati ya 244 na 260? Akitokea mtu hata mmoja, maana yake stakabadhi ilitolewa na rekodi ikafutwa. Hapo hakuna tena habari ya umeme.

2. Daftari la mpima mizani lisomwe kwa siku zile, jina kwa jina na kilo kwa kilo, na kompyuta ifunguliwe pembeni. Jina lililo kwenye daftari lakini halimo kwenye kompyuta litafutwe sababu yake.

3. Jumla ya kilo ilinganishwe na zilizopelekwa ghala kuu. Tukumbuke kwamba korosho ikikaa inanyauka na uzito unapungua kidogo, kwa hiyo tusipige kelele kwa upungufu huo wa kawaida. Lakini upungufu wa magunia si kunyauka.

Hesabu zikitimia, waliomtukana karani wamwombe radhi mbele ya mkutano ule ule, maana walimtukana hadharani. Zisipotimia, vyombo vya sheria vifanye kazi yake, na Chama hakitamkinga mtu.

Na kwa siku za mbele tufanye hivi. Pawe na daftari la namba zilizoruka: tarehe, namba, sababu, sahihi ya karani na ya mjumbe wa Kamati. Namba ikiruka, iandikwe siku ile ile, isingoje maneno ya vijiweni. Fundi naye aagizwe kwamba mashine isiruhusu kufuta kabisa. Mzigo ulioandikwa kimakosa uwekwe alama ya BATILI ubaki unaonekana, kama ilivyokuwa kwenye kitabu cha kaboni. Na namba ya stakabadhi itenganishwe na namba ya ndani ya mashine. Fundi anasema inawezekana stakabadhi ipewe namba mwishoni, mzigo ukishahifadhiwa, moja moja bila kuruka. Foleni itakwenda taratibu kidogo. Mimi nasema ni afadhali kusubiri dakika mbili kuliko kugombana mwezi mzima.

Mwisho nina maneno kwa viongozi wa ushirika. Mlipoulizwa mara ya kwanza mlijibu, "Hayo ni mambo ya kompyuta, hamwezi kuyaelewa." Jibu hilo ni baya. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeuweka mkutano mkuu wa wanachama juu yenu. Mwenye mali haambiwi kwamba hawezi kuelewa mali yake. Kama mfano wa vikadi vya zahanati ungetolewa siku ile ile, tusingefika hapa.

Pia nimesikia wazo kwamba zile namba 18 zijazwe, ziandikwe stakabadhi za kupachika, ili wakaguzi wakija waone orodha imetimia. Nalipinga wazo hilo kwa nguvu zote! Pengo lenye maelezo si kosa. Stakabadhi isiyo na korosho nyuma yake ndiyo wizi wenyewe, hata kama iliandikwa kwa kuona haya. Namba zile ziachwe wazi kama zilivyo.

Ndugu wanakijiji, Jumamosi njooni na karatasi zenu. Anayeacha karatasi nyumbani na kuja na mdomo peke yake hatusaidii.

Ushirika ni nguvu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Katibu wa Chama, Tawi