Ulimi Ulio Moto

Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Mwezi Mei 2008, watu 11 walichomwa moto wilayani Kisii kwa tuhuma kama hizo. Hukumu ilitolewa kwa neno moja tu: omorogi, yaani mchawi.

Tangu kitabu cha J. L. Austin cha 1962, sisi wanaisimu tumefundisha kwamba yapo maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Hakimu akisema mtu ana hatia, hali ya mtu huyo hubadilika papo hapo. Lakini hakimu amepewa uwezo huo na sheria. Je, jirani anayemwita ajuza mchawi amepewa na nani? Amepewa nasi, tunaosikia na kunyamaza.

Linalosikitisha ni kwamba hayo hutendeka katika nchi ya makanisa, yenye Nyabururu ya Wakatoliki na Nyanchwa ya Waadventista. Wahubiri wengi hutaja nguvu ya ulimi wanapotangaza baraka na utajiri. Waraka wa Yakobo, sura ya 3, huufananisha ulimi na moto mdogo uteketezao msitu. Kwetu, huo si mfano tena.

Walimu wenzangu wa Kisii na Nyamira, mwanafunzi akileta darasani uvumi kuwa nyanya fulani ni mchawi, tusicheke wala tusinyamaze. Tumwulize, "Umeona nini?" Swali hilo nalo ni neno, na laweza kuokoa uhai.