Mtoe mtoto nje kabla mvua hazijafunga anga

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto aliyemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi uliopita, una wiki chache tu. Mvua za Ufipa huanza Novemba, na zikishakolea mawingu hufunga anga hadi Aprili. Januari mtoto anaanza kidato cha kwanza, pengine bweni. Kiangazi kikirudi, hayupo nyumbani.

Sumbawanga hatuna jengo lenye darubini kubwa. Tuna mwinuko wa takribani mita 1,800, hewa kavu na giza ambalo mtoto wa Dar es Salaam halijui. Taa za mjini zinaongezeka kila mwaka, kwa hiyo sogea kijijini, kwa bibi ikiwezekana. Chagua usiku usio na mwezi. Jua letu huzama karibu saa moja kasoro robo. Toka saa mbili, mvalishe sweta, na simu ibaki mfukoni (yako pia). Macho yanahitaji kama dakika 20 kuzoea giza.

Magharibi ataona Nge, na nyota nyekundu kifuani mwake. Juu yake unapanda mkanda wa Njia Nyeupe. Ikifika saa nne, geukeni kaskazini mashariki: kile kifungu kidogo cha nyota ni Kilimia, jina linalotokana na kulima, maana wazee walikitazama kujua majira ya kupanda. Mwambie azihesabu. Wengi huishia sita.

Mwenye nauli aende naye Mbozi, kupitia Laela na Tunduma, akaone Kimondo. Ni pande la chuma kilichochanganyika na nikeli, lina urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Vitabu hutaja mwaka 1930, lakini wenyeji walikifahamu zamani. Mwonyeshe na pale kwenye ncha ambapo watu walikata kipande. Si kazi rahisi, chuma hicho ni kigumu kweli. Ila nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, katika mwezi huu wa kutafuta mbolea, si mchezo. Ukisema haiwezekani nitakuelewa. Anga halina kiingilio.

Na bibi akiwepo, mkalisheni kwenye mkeka pamoja nanyi. Mtoto amuulize Kilimia kinaitwaje kwa Kifipa, aliandike jina hilo kwenye daftari atakaloondoka nalo Januari.