Acheni Kusema Mbwa Ana "Tumbo la Kizungu"

Nimechoka na hii maneno. Kila wiki lazima nipate meseji tatu ama nne za aina moja: "Buda, German Shepherd wangu anaendesha tangu Jumapili. Nadhani ana tumbo la kizungu. Nimpe nini?" Nauliza anakula nini. Jibu halibadiliki: "Ah, kawaida tu. Unga wa mbwa na mapafu."

Kawaida tu. Sasa wacha tuongee kuhusu hiyo kawaida.

Kama unaishi Kitengela unajua vile kuko. Kuanzia Milimani hadi Acacia, ploti yoyote yenye geti ina mbwa. Watu wamenunua robo ekari, wamejenga, wameweka nyaya za stima juu ya ukuta, halafu wakaleta mbwa wa kumalizia kazi. Mbwa alinunuliwa kwa pesa nzuri. Kibanda kilijengwa na fundi. Picha ziliwekwa mtandaoni. Ni chakula tu ndicho kilisahaulika. Mbwa akianza kuhara, lawama ni za mbwa: ni mlaini, ni wa kizungu, hajazoea maisha.

Mimi nasema hivi: mbwa wengi mnaowaita wa tumbo la kizungu hawana tumbo la kizungu. Wanakula uchafu, na tumbo lao linafanya kazi yake vizuri kabisa, linaukataa.

Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa ya mifugo. Lakini kusoma maandishi kwenye gunia hakuhitaji digrii. Shida ni kwamba gunia lenyewe halina maandishi. Nilizunguka maduka matano ya chakula cha mifugo hapa mjini. Kwa matatu, unga wa mbwa ulikuwa kwenye gunia wazi, unapimwa kwa kilo kama makaa. Hakuna jina la aliyeusaga, hakuna tarehe, hakuna orodha ya vilivyomo. Nikauliza umetengenezwa na nini. Muuzaji mmoja akanijibu bila hata kuniangalia: "Mahindi, omena, na vitu zingine."

Hizo vitu zingine ndizo zinamuua mbwa wako.

Anza na mahindi. Mahindi yanafaa kukaushwa hadi unyevu ushuke kufika kama asilimia 13.5 ndipo yawekwe ghalani. Yakiwekwa na unyevu, yanaota kuvu, na kuna kuvu wanaotengeneza sumu inayoitwa sumukuvu, ama aflatoksini. Sumu hii haina rangi ya kukuonya na haina ladha. Kibaya zaidi, kuchemsha hakuiondoi. Ule uji unaokoroga kwa sufuria kubwa jioni ukidhani umeua kila kitu, umeua bakteria tu. Sumu imebaki, inaenda moja kwa moja kwa ini.

Na hii si story ya intaneti. Ni historia yetu. Mwaka wa 1977 na 1978, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sababu ya chakula kilichohifadhiwa vibaya kikaingia sumukuvu. Mwaka wa 2004 ikawa zamu ya binadamu: Makueni, Kitui na majirani wao, watu 317 waliugua na 125 wakafa, shauri ya mahindi. Novemba 2019 KEBS ikapiga marufuku chapa tano za unga wa ugali, unga uliokuwa kwenye pakiti, wenye jina na nembo, kwa sababu sumukuvu ilizidi kiwango.

Sasa fikiria kidogo. Kama unga wa binadamu, unaopimwa, wenye kiwango cha sheria cha sehemu 10 kwa kila bilioni, bado ulipenya hadi kwa rafu za supamaketi, unadhani mahindi yaliyokataliwa huko juu yanaenda wapi? Mkulima hatayachoma. Mwenye kinu hatayamwaga. Kila mtu kwenye hiyo laini anajua jibu, na jibu lina mkia na linabweka getini kwako.

Haya, tuje kwa nyama. "Nyama ya mbwa" huku kwetu maana yake ni kile mteja alikataa: mapafu, vipande vya ini lenye madoa, matumbo ambayo hayajaoshwa. Mtu anafunga na gazeti, anafika nyumbani, anatupa ikiwa mbichi, mbwa anamaliza kwa dakika moja, na mwenyewe anajisifu ati mbwa wake ni simba.

Kuna mnyoo mdogo wa jamii ya tegu unaoitwa Echinococcus. Unakaa kwenye mapafu na maini ya kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, ukiwa ndani ya vifuko vya maji. Mbwa akila hivyo vifuko vibichi, mnyoo unakomaa tumboni mwake na mayai yanatoka na choo. Mbwa mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Anayeumia ni mtoto anayemshika manyoya halafu anakula mandazi bila kunawa. Vifuko vinaota kwa ini ama kwa mapafu ya huyo mtoto, pole pole, kwa miaka, hadi vihitaji upasuaji. Turkana inajulikana dunia nzima kwa ugonjwa huu, na maeneo ya wafugaji Wamaasai, upande wetu na upande wa Tanzania, hayajaukwepa. Kajiado ni kaunti ya mifugo, bana. Ukitoa mapafu mabichi buchari ukayaleta nyumbani, tumbo la mbwa ni nusu tu ya shida yako.

Najua komenti inakuja. Nimeshaisoma mara mia: "Mbwa wa ushago anakula chochote na haugui." Sawa. Ulishawahi kuhesabu wale waliokufa? Wa ushago unayemwona ni yule aliyebaki kati ya watoto sita ama saba. Wale wengine walifukiwa nyuma ya boma kabla ya miezi minne, na hakuna aliyeita hiyo tumbo la kizungu. Iliitwa bahati mbaya. Halafu huyo wa Kimaasai unayemtaja anatembea na mbuzi siku nzima, anakunywa maziwa kidogo, anashika panya, anachagua. Wako amefungwa mita mbili za mnyororo nyuma ya nyumba Noonkopir. Hana cha kuchagua. Anakula ulichompa ama analala njaa.

Upande ule mwingine nao sitauacha. Kuna wasee wenzangu wa kutengeneza vidio, wamepewa mifuko ya bure, wanawaambia kwamba dawa ya kila tumbo ni chakula kutoka nje ambacho mfuko wake mmoja ni kodi ya bedsitter. Mtoto wa miaka kumi na tisa anaona hiyo, anajiona ameshindwa, anarudi kwa unga wa gunia. Hicho cha nje pia kisifanywe cha mbinguni. Desemba 2020 kampuni moja ya Marekani ilianza kurudisha vyakula vyake vya mbwa kwa sababu ya sumukuvu hiyohiyo, na kufikia Januari 2021 zaidi ya mbwa 110 walikuwa wameripotiwa kufa. Tofauti yao na sisi ni moja tu. Mifuko yao ilikuwa na jina, tarehe na namba, kwa hivyo mtu aliweza kusema: hii, usilishe. Gunia lako la wazi likiua mbwa leo, kesho litauziwa jirani.

Sasa nisikize, hii sehemu ndiyo ya kuhifadhi.

Kuna mbwa nilimrithi kwa jirani aliyehama, anaitwa Chapo. Nilipewa na onyo: "Huyu tumbo lake ni shida, kila kitu kinamtoa." Nilitoa unga wa gunia, nikatoa maziwa, nikatoa mabaki ya kuku wa kukaanga. Nikaanza na wali uliochemshwa ukaiva sana na kuku wa kuchemsha, bila ngozi, bila mifupa, bila chumvi, bila kitunguu, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Choo kilishikana siku ya tatu. Hakuna muujiza hapo. Huo wali na kuku ndio chakula madaktari wengi wa mifugo huanza nao tumbo likichafuka.

Lakini wali na kuku ni wa siku chache. Ukimlisha hivyo miezi, anakosa kalsiamu na madini mengine, na kama ni mtoto mifupa inapinda. Tumbo likitulia, rudi kwa chakula kamili pole pole: robo kipya na robo tatu cha zamani kwa siku mbili, nusu kwa nusu siku mbili, halafu robo tatu, hadi wiki iishe. Wengi wenu mnabadilisha chakula kwa usiku mmoja halafu mnashangaa. Tena badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitano, utajuaje ni kipi kilikuwa kibaya?

Maziwa ya ng'ombe, wacha. Mbwa wengi wakubwa hawayasagi vizuri. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vijiti na inaweza kutoboa utumbo. Ile supu ya mafuta kutoka kwa nyama choma inaweza kuchoma kongosho. Nyama za ndani, chemsha nusu saa na zaidi hadi katikati iive kabisa. Dawa ya minyoo, kila miezi mitatu kwa mkubwa, na mara nyingi zaidi kwa mtoto. Kabla hujalaumu chakula, uliza mara ya mwisho ilikuwa lini.

Na kuna mbwa wenye tumbo dhaifu kweli, siwezi kukataa. Kuna anayekataliwa na nyama ya ng'ombe, kuna wa kuku. German Shepherd hasa wana ugonjwa wa kongosho unaofanya mbwa ale sana, akonde, na atoe choo kingi chenye mafuta. Huyo hatibiwi na ushauri wa mtandaoni, hata wangu. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu inaweza kuwa parvo, na parvo inaua kwa siku chache. Macho ama fizi zikiwa za manjano, ini linalia. Hapo funga simu, mpeleke kwa daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, si kwa jamaa wa duka anayeuza sindano juu ya kaunta. Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, na kutoka hapa unafika asubuhi hiyohiyo.

Sasa mnaniuliza, kwani ni lazima? Ni mbwa tu.

Wacha nikuonyeshe mwisho wa "ni mbwa tu." Mbwa anahara miezi miwili, mwenyewe amechoka kuosha sakafu, usiku mmoja anampakia kwa buti, anashika barabara ya Namanga, anamwachilia mahali kabla ya Isinya. Wengine wameachwa hapo kabla yake. Wanajikusanya. Wakishikwa na njaa wanaingia kwa zizi la mzee ambaye hakununua mbwa yeyote wa kizungu, wanaua mbuzi wa karo ya shule. Hawana chanjo. Kenya iliahidi kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030, na sisi kila wikendi tunapeleka mbwa wasiochanjwa mbugani kama takataka. Hiyo sufuria yako ya unga wa gunia ilianza hiyo safari yote.

Na sheria ziko, msidanganywe. Kuna Sura ya 345 ya sheria za Kenya inayosimamia vyakula vya mifugo vinavyouzwa. Kuna Sura ya 360 inayofanya ukatili kwa wanyama kuwa kosa, pamoja na kumnyima mnyama chakula. Na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kudhibiti na kutunza wanyama, na ikataja wazi leseni za mbwa. Sasa, serikali ya Kaunti ya Kajiado, nauliza kama mwananchi: kama mna mamlaka ya kunitoza leseni ya mbwa, hamna mamlaka ya kutuma mtu mmoja na mfuko wa kuchukua sampuli, apite madukani, apime ule unga?

Hadi wafanye hivyo, kazi ni yako. Ukienda kununua, uliza maswali matatu: nani ameusaga, lini, na ndani kuna nini. Akijibu "vitu zingine," rudisha pesa mfukoni. Toa simu, piga gunia picha, iweke na jina la mtaa, usiseme jina la mtu. Tukiwa mia, muuzaji ataanza kuandika lebo, manake anauza kile tunakubali kununua.

Kama huwezi kumlisha, usimnunue. Weka taa nzuri na kufuli. Taa haitahara, na haitakufa na ini bovu ikikulinda.